Hasheem wa UConn, Mutombo wa Georgetown na swali la mwanafunzi wa Simiyu

Nimekuwa kimya kidogo humu kwa sababu ya majaribio, si mnajua tena maisha ya chuo, ukizubaa unakutana na sapu. Leo nimepata nafasi, nikaona nishushe mada ya historia. Ila msikimbie, si Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya mpira wa kikapu.

Juzi hapa hosteli palizuka ubishi mkubwa. Jamaa mmoja alisema Hasheem Thabeet alifeli Marekani. Mwingine akaja juu, akasema hakufeli, wazungu walimbania. Wakabishana mpaka umeme ukakatika na bado wakaendelea gizani, teh teh. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, na nikagundua wote wawili wanaanza hadithi mwaka 2009, siku aliyoingia NBA. Sasa sisi tunaosomea kufundisha Historia tunaambiwa kila siku kwamba ukitaka kuelewa tukio, usianzie kwenye tukio lenyewe. Kwa hiyo mimi nitaanzia nyuma, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kama sisi, mchezaji wa kazi moja tu uwanjani.

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Kikapu alianza kukicheza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao watoto wengi wa Marekani wanaoota NBA wameshacheza miaka kumi. Akapata nafasi ya kwenda kusoma sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn, chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ni mita 2.21. Fikirieni mlango wa kawaida wa darasa, halafu muongeze.

Msimu wa kwanza, 2006-07, kazi yake ilikuwa moja: simama karibu na goli, mtu akija kutupa, zuia. Alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo, ribaundi 6.4 (yaani ile mipira inayorudi baada ya mtu kukosa) na alizuia mitupo 3.8. Kwa kushambulia alikuwa bado sana. Kila timu ina watu wa namna hiyo, wenye jukumu dogo linaloeleweka, na hakuna anayewadai zaidi ya hapo.

Msimu wa pili, 2007-08, namba zikapanda: pointi 10.5, ribaundi 7.9, kuzuia 4.5. Akachaguliwa mlinzi bora wa Big East, kundi la vyuo ambalo UConn ilikuwa inashindana nalo, na wakati ule lilikuwa moja ya makundi magumu kuliko yote kule. Msimu wa tatu, 2008-09: pointi 13.6, ribaundi 10.8, kuzuia 4.2. Akawa mlinzi bora tena, na safari hii akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa kundi zima. Dhidi ya Providence, Januari 2009, alipata pointi 15, ribaundi 11 na akazuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. UConn wakafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, wakatolewa na Michigan State 82 kwa 73.

Sasa wadau, ziangalieni hizo namba kama mwalimu anavyoangalia karatasi za mtihani. Pointi zimepanda zaidi ya mara mbili ndani ya miaka mitatu. Ribaundi zimepanda kutoka 6 hadi karibu 11. Lakini kuzuia ni 3.8, 4.5, 4.2, karibu palepale. Hii ndiyo sehemu ambayo ubishi wa hosteli huwa haufiki. Kuzuia alikuja nako, kwa urefu wake na mikono yake. Kile kilichopanda ndicho alichofundishwa chuoni. Kwa hiyo ukisema "kipaji cha Hasheem" unazungumzia kitu kimoja, na ukisema "maendeleo ya Hasheem" unazungumzia kitu kingine kabisa. Watu wengi wanavichanganya.

Kuna mchezo mmoja ulioonyesha hayo maendeleo yalikuwa yamefika wapi. Ilikuwa tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22. UConn walikuwa namba moja nchini, wakawakaribisha Pittsburgh. Blair alikuwa na urefu wa mita mbili na kidogo tu, mfupi mbele ya Hasheem, lakini mwili umejaa kama gunia la pamba. Wakiwa wanagombea mpira mikono ikashikana, Hasheem akapinduliwa juu ya bega la Blair akatua chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Urefu ulikuwepo. Nguvu ya miguu, namna ya kusimama, na namna ya kumzuia mtu kabla hajakufikia, hivyo vilikuwa bado vinajengwa.

Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika drafti nzima ya NBA, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden. Wa saba Stephen Curry. Hapa ndipo watu hucheka na kusema Memphis walikuwa vipofu. Mimi nasema tusiwahukumu watu wa 2009 kwa desa la leo. Walichokuwa nacho mezani ni namba nilizozitaja hapo juu. Pia walijua kwamba miaka mitano kabla, 2004, chuo hichohicho na kocha huyohuyo walikuwa wamemtoa Emeka Okafor, naye akachukuliwa wa pili, na msimu uliofuata akawa mchezaji chipukizi bora wa NBA. Waliona mstari unapanda, wakadhani utaendelea kupanda wenyewe.

Kosa lipo hapo kwenye "wenyewe".

Memphis tayari walikuwa na senta kijana, Marc Gasol, na timu ilikuwa inatafuta ushindi, ikamaliza msimu wa 2009-10 kwa kushinda michezo 40 na kupoteza 42. Hasheem akapewa wastani wa dakika 13. Katika hizo alipata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia 1.3. Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo, kwenye timu ya Dakota Wizards, na hakuna mchezaji aliyewahi kuchukuliwa juu hivyo akapelekwa huko kabla yake. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, 2012 Portland, halafu Oklahoma City mpaka 2014. Michezo 224, timu nne, basi. Baadaye alicheza Japani na Taiwani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mwaka wa mwisho chuoni alicheza karibu dakika 32 na kuzuia 4.2, yaani mtupo mmoja kila dakika nane hivi. NBA, dhidi ya watu wakubwa kuliko wote duniani, msimu wa kwanza alizuia mmoja kila dakika 10. Kipaji hakikupotea njiani kwenye ndege. Kilichobaki nyuma ni yale mengine, yale yaliyokuwa yanapanda UConn kwa sababu alikuwa anacheza dakika nyingi, anakosea, anarekebishwa, anarudi tena kesho yake. Dakika 13 hazitoshi kukosea mara nyingi. Ukikosea mara mbili unarudi benchi.

Najua kuna mdau atasema: "Acha visingizio, mwenye uwezo anapenya tu." Sawa. Basi tumlete mzee wetu wa Kongo.

Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Marekani mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, na nia yake ilikuwa udaktari. Naye kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa, mapenzi yake ya kwanza yalikuwa soka. Pale Georgetown, msimu wa 1988-89, alikuwa mchezaji wa akiba. Nafasi ya mtu mrefu ilikuwa ya Alonzo Mourning, kijana aliyefika na sifa nchi nzima. Mutombo akawa anaingia dakika chache: pointi 3.9, ribaundi 3.3, kuzuia 2.3. Namba ndogo kuliko za mwaka wa kwanza wa Hasheem! Ila siku moja ya Januari 1989, dhidi ya St. John's, alizuia mitupo 12.

Mwaka uliofuata: pointi 10.7, ribaundi 10.5, kuzuia 4.1. Mwaka wa tatu: 15.2, 12.2 na 4.7. Ni kama mstari wa Hasheem, tena umeanzia chini zaidi. Kocha wake, John Thompson, alijua maisha ya benchi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiba wa Bill Russell kule Boston Celtics kati ya 1964 na 1966. Na kila siku mazoezini Mutombo alikuwa anapambana na Mourning. Alimaliza shahada yake mwaka 1991, na Denver Nuggets wakamchukua wa nne.

Sikilizeni sasa tofauti. Denver ya 1991-92 ilikuwa timu dhaifu, ilishinda michezo 24 tu kati ya 82. Hakukuwa na Gasol mbele yake. Akawekwa uwanjani tangu siku ya kwanza, akacheza dakika nyingi kuliko alizowahi kucheza, akapata pointi 16.6 na ribaundi 12.3 na kuitwa kwenye mchezo wa nyota wote. Tena alikuwa na miaka 25, mtu mzima, mwili umekomaa. Hasheem alikuwa na 22. Mutombo akacheza NBA misimu 18, akawa mlinzi bora wa ligi mara nne, akazuia mitupo 3,289, wa pili katika historia nyuma ya Hakeem Olajuwon. Alifariki Septemba 2024. Na ile ndoto ya udaktari hakuitupa, alijenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake.

Sisemi kwamba Hasheem angepelekwa Denver angekuwa Mutombo. Historia ya "angekuwa" haina mtihani wake. Ninachosema ni hiki: mstari wa maendeleo ya mchezaji chuoni si mali ya mchezaji peke yake. Ni wa mchezaji pamoja na mahali alipo, yaani kocha, mpinzani wa mazoezini, dakika anazopewa na muda anaovumiliwa. Ukimhamisha mtu, unahamisha kipaji. Yale mengine unayaacha palepale. Ukitaka kutabiri atafika wapi, lazima uulize na anakokwenda kuna nini.

Wakulima wa kwetu wanalijua hili bila kusoma. Pamba ya Simiyu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Mbegu ileile ukiichelewesha mpaka Januari inaota vizuri tu, tena inapendeza macho, lakini hakuna mzee wa Bariadi atakayekukopesha kwa kuangalia majani yake.

Mfano wa tatu ni wa juzijuzi. Khaman Maluach ni Msudani Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, baada ya familia yake kukimbilia Uganda. Kikapu alianza mwaka 2019. Lakini angalieni kilichobadilika tangu enzi za Hasheem. Yeye alikuta chuo cha NBA cha Afrika kipo Saly, Senegal. Alikuta ligi ya BAL imeanza mwaka 2021, na akaicheza akiwa bado kijana wa shule, misimu mitatu na timu tatu: Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes ya Senegal, halafu City Oilers ya Uganda. Mwaka 2024 akacheza Olimpiki ya Paris na taifa lake. Ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Duke.

Duke alikuwa mchezaji wa kazi maalumu, nyota ni Cooper Flagg. Msimu wa 2024-25 Maluach alipata pointi 8.6 na ribaundi 6.6. Kuzuia ni 1.3 tu, chini kabisa ya Hasheem. Lakini mitupo huru alikuwa anafunga zaidi ya 7 katika kila 10, na hilo kwa mtu wa mita 2.18 ni alama ya mikono iliyofundishwa mapema. Naye alikuwa na siku yake ya Blair: nusu fainali ya taifa, Aprili 2025, dhidi ya Houston, alimaliza mchezo bila ribaundi hata moja na Duke wakafungwa 70 kwa 67. Juni akachukuliwa wa 10, akiwa na miaka 18, akaishia Phoenix Suns kupitia ule uhamisho wa Kevin Durant. Wanaomtabiria makuu wana sababu, na wanaoogopa wana sababu. Mimi namba zake za mwanzo NBA sitazipa uzito sana. Nitaangalia anapewa dakika ngapi na anasimama nani kumfundisha.

Sasa mtaniuliza haya yote yanahusu nini Simiyu, mkoa ambao ulizaliwa 2012 tu ukitokea Shinyanga, na ambao sifa yake ni pamba, ng'ombe na mashindano ya baiskeli?

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa sekondari moja ya kata huko kwetu. Kidato cha tatu kulikuwa na kijana mrefu kupita walimu wote. Jina lake halisi wengi walishalisahau, shule nzima inamuita Hasheem. Uwanja wa soka upo, wa netiboli upo, goli la kikapu hakuna. Siku moja baada ya kipindi akanifuata ofisini akauliza: "Mwalimu, eti Hasheem alianza na miaka mingapi?"

Nilimwelewa. Yeye alikuwa na miaka 17. Alikuwa hataki historia, alitaka kujua kama muda wake umeshapita. Nyumbani walikuwa wanamwambia aache kupoteza muda, amalize kidato cha nne aje ashike mifugo. Mtaani wanamwambia kwa urefu huo asisumbuke na shule, atachukuliwa tu.

Nikamweleza ukweli wote. Kwamba Hasheem alianza na 15, kwa hiyo yeye amechelewa zaidi, ila Mutombo naye alichelewa. Kwamba wote watatu walivuka kama wanafunzi, na vyuo vya Marekani haviruhusu mtu kucheza bila kutimiza vigezo vya masomo, kwa hiyo anayemwambia asisumbuke na shule anamfungia mlango wenyewe. Na kwamba urefu wake ni kama ile namba ya kuzuia: amekuja nao, hautaongezeka kwa kusifiwa. Kinachoweza kuongezeka ni vingine.

Tukachukua chaki, tukapima mita 3.05 kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, ambao ndio urefu wa goli la kikapu, tukachora mstari. Mpira tulikuwa nao wa netiboli. Kwenye daftari la kurasa 64 tukaandika vitu vitano vya kupima kila wiki: kuruka kamba, kutupa kwa mkono wa kushoto, kudaka bila kuangusha, kukaa chini na kuhama kulia na kushoto, na tano ikawa alama zake za Hisabati na Kiingereza. Wiki ya kwanza mkono wa kushoto aligonga mstari mara 4 katika 20. Wiki ya nane, mara 11. Urefu wake haukubadilika hata kidogo.

Mazoezi ya kufundisha yalikuwa wiki nane tu, nami nikarudi chuo, Lamadi hadi Mwanza kwa basi. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri habari ya Memphis kuliko nilivyoielewa kwenye namba. Mstari wa kutoka 4 hadi 11 haukuwa wake peke yake, ulikuwa wake pamoja na mtu wa kusimama pale saa kumi jioni. Daftari nikalikabidhi kwa mwalimu wa michezo, ambaye kwanza alicheka, halafu akauliza UMISSETA wanachukua wachezaji wa kikapu wenye umri gani. Swali zuri hilo, kwa sababu kikapu kipo kwenye UMISSETA, na huko ndiko kijana wa Simiyu anaweza kukutana na kocha wa mkoa mwingine akamuona.

Kwa hiyo wadau wa ualimu, tutakapoajiriwa (Mungu saidia, ajira nazo mnajua zilivyo), tutakutana na akina Hasheem wengi, wa kikapu, wa Hisabati, wa kuimba. Tusiishie kusema "huyu ana kipaji". Tuandike alipoanzia, alipofika, na tukihama shule tumuachie mtu daftari. Kwenye ule ubishi wa hosteli jibu langu ni kwamba Hasheem alijifunza kwa kasi kubwa kwa miaka mitatu, kisha akapelekwa mahali ambapo somo liliishia katikati. Kuita hiyo kufeli ni haraka mno, na kuita kuonewa ni rahisi mno.

Nisiwachoshe. Wiki ijayo kuna semina ya mbinu za kufundishia na sijagusa kitu, narudi kupiga msuli. Mwenye mpira wa kikapu usiotumika, hata uliochubuka, mradi unashika upepo, anitafute kabla sijaenda likizo Bariadi. Alamsiki.